Nywele za Yola

Achieng, katibu wa ushirika wetu wa vijana, ameniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi ya umishenari, ili wale miongoni mwenu wanaofikiria kuifanya wasiende kichwa kichwa. Alitaka nianze na wito. Wiki hii nimekaa mara tatu kuandika habari za wito, na mara tatu nimeinuka kwenda kupangusa jiko ambalo tayari ni safi. Kwa hiyo wito tutauacha. Nitaandika yale yanayonikosesha utulivu, na nikiinuka katikati mtanivumilia.

Wengi wenu mnanijua kwa sura. Mimi ndiye yule mama mzee wa kiti cha nyuma kule kanisani Abu Hamour kila Ijumaa, ambaye Wakenya mnamwita Shosho na Waganda mnamwita Jjajja, na ambaye hutoka nje mahubiri yakiwa yamekolea. Achieng alidhani nina shida ya kibofu. Sina. Huwa nakwenda kusimama mlangoni mwa ukumbi ule wa pili wanakoabudu wasemaji wa Kihispania, nisikilize nyimbo mbili tatu, kisha narudi. Nilifanya kazi Bolivia miaka ishirini na miwili, na masikio yangu hayajakubali kustaafu.

Jina langu ni Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, na nina miaka sabini na mmoja. Hapa Doha ninakaa Muaither kwa Mkamburi, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ni muuguzi wa wagonjwa wa moyo. Nilikuja kumtembelea kwa mwezi mmoja tu, nikiwa njiani kurudi Bolivia. Sasa huu ni mwezi wa tatu. Sababu ni kwamba Mkamburi aliificha pasipoti yangu.

Najua baadhi yenu mmecheka hapo, maana mnaujua uchungu wa pasipoti kukaa kwenye droo ya mtu mwingine. Lakini huyu si mwajiri. Ni mtoto niliyembeba mgongoni, na aliificha kwa upendo, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu huwezi kumshtaki popote. Daktari alinipima hapa akasema moyo wangu umechoka na presha yangu haitaki milima. Nilikotaka kwenda ni karibu mita elfu nne juu ya bahari, mahali ambapo hata kijana mwenye mapafu mazuri anapanda ngazi kumi halafu anatafuta pa kukaa. Mkamburi aliyasikia hayo, akasema ataiweka pasipoti mahali salama, na tangu siku hiyo nikawa naipekua nyumba yake kila akienda kazini. Nilitafuta kwenye kopo la unga, chini ya godoro, na ndani ya ile sufuria kubwa ya pilau. Nilipata vitu ambavyo sikupaswa kuviona, lakini pasipoti sikuipata.

Kule nilikotaka kwenda kuna mtoto wa kike wa miaka minne anayeitwa Wara. Nywele zake hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe, na hazitakatwa mpaka nifike mimi. Shule zao hufunguliwa Februari, na mama yake anataka aende shule akiwa amekatwa. Hilo ndilo jambo lenyewe linaloniinua kitini. Ili kueleza kwa nini nywele za mtoto wa watu zinanihusu kiasi hicho, itanibidi nirudi nyuma kidogo.

Kanisa letu lilinituma kwenye kijiji cha wakulima wa viazi na wafugaji wa alpaka, wanyama wa sufu wa milima ile, juu ya mji wa Oruro. Asubuhi nilikuwa mhudumu wa afya, alasiri mwinjilisti. Somo langu la kwanza halikuwa la Biblia, lilikuwa la kutembea. Mimi ni mtu wa haraka tangu utotoni, na siku ile niliposhuka kwenye basi nilichukua begi langu nikakipanda kilima kile kwa mwendo wa kwetu Wundanyi. Nilizinduka nimelazwa juu ya magunia ya viazi, na mwanamke aliyevaa kofia nyeusi ya duara ananinywesha chai ya majani machungu. Alinitazama kwa subira ya mtu aliyeona wageni wengi wakianguka. Huyo alikuwa Basilia, mjane, mkulima wa viazi, na mwenye nyumba ambaye nilikuwa nimepangishiwa chumba kwake. Chuo kilinipa cheti, lakini aliyenifundisha kazi ni Basilia.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya mbwa. Mbwa wa kule hawaogopi kelele wala fimbo, wanamwogopa mtu anayeinama. Inama kana kwamba unaokota jiwe, hata kama hakuna jiwe, nao watakwenda zao. Yeye ndiye aliyenifundisha pia habari ya mfuko. Kwenye sherehe zao sahani huja imejaa hadi inamwagika, na ukibakiza umemtukana mpishi. Mwaka mzima nilikula mpaka nikaumwa, nikimaliza kila kitu kwa jina la Bwana, hadi Basilia aliponikanyaga mguu na kunionyesha kwamba kila mwanamke pale amekuja na mfuko. Unakula kidogo, kinachobaki unakimimina mfukoni, unakwenda nacho nyumbani, na mwenye sherehe anafurahi kuliko ungekula pale pale. Popote mtakapotumwa, kabla ya kuandaa mahubiri ulizeni kwanza kama kuna mfuko.

Halafu kulikuwa na mashetani. Kabla ya Kwaresima wana sherehe kubwa, na wanaume hucheza barabarani wakiwa na vinyago vya mashetani, pembe ndefu na meno ya kioo. Mwaka wa kwanza nilifunga madirisha yote nikakaa ndani nikikemea. Mara mlango ukagongwa. Nilifungua nikiwa nimeshika Biblia kifuani, na shetani aliyesimama pale akavua kichwa chake, akawa fundi baiskeli wa kijijini. Alikuwa anaomba dawa ya goti. Alisema bado ana mwendo mrefu wa kucheza mpaka kanisani, na akifika huko amemwekea Mama Maria nadhiri ya kuingia kwa magoti. Kwa hiyo shetani wa kwanza niliyekutana naye kazini nilimchua goti kwa mafuta ya mkaratusi. Sikujua niandike nini kwenye ripoti, basi sikuandika kitu.

Nimeinuka nikaenda hadi dukani kununua maziwa ambayo hatuyahitaji. Nimerudi.

Basilia alikuwa na mtoto mmoja, msichana, Yola. Nilipofika alikuwa na miaka mitatu. Nywele zake zilifika kiunoni na zilikuwa zimejisokota vifundo vizito, kwa sababu hazikuwa zimekatwa hata mara moja. Ndani ya vile vifundo kulikuwa na chawa, na nyuma ya masikio vidonda vilikuwa vimeanza kutoa usaha. Sisi wahudumu wa afya tuna ugonjwa wetu: tukiona kidonda hatumwoni tena mtu aliye nacho. Kila asubuhi Yola alipopita mlangoni pangu mikono yangu ilikuwa inawasha.

Siku moja Basilia alikwenda sokoni, safari ya kutwa nzima, akaniachia mtoto. Nilichemsha maji. Nilitoa mkasi wa kliniki, wembe na sabuni, nikamkalisha Yola katikati ya magoti yangu. Alilia, na alilia sana. Nilidhani ni vidonda vinamuuma, nikamwimbia wimbo wa Kitaita huku nikiendelea kukata. Haikuchukua muda kichwa kikawa safi, kimepakwa dawa, kinang'aa, nikaona nimefanya kazi nzuri kuliko zote tangu nifike. Kisha nikazikusanya zile nywele nikazitia motoni jikoni. Bibi yangu alikuwa akituchomea zetu, ili mtu mwenye roho mbaya asizichezee. Yaani nilikuwa nimevuka bahari kwenda kuwaambia watu waache mila, na mila ya bibi yangu nilikwenda nayo mikononi bila hata kuiona.

Basilia aliporudi jioni alisimama mlangoni na mzigo bado mgongoni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ndogo nywele ziko wapi. Nikamwambia nimezichoma, nikaanza kumweleza habari za chawa na mayai yao. Hakunisikiliza. Alitua mzigo, akapiga magoti mbele ya jiko, akaanza kuchota majivu kwa mikono, ya moto hivyo hivyo, na kuyaweka kwenye kitambaa. Alichota hata yale ya kuni za jana. Alipomaliza alifunga kitambaa mafundo mawili, akasimama na kuzungumza nami.

"Kuanzia leo wewe ni madrina wa mtoto huyu," alisema. "Sikukuchagua, na wewe hukuuliza. Lakini ndivyo imekwisha kuwa."

Nilielezwa na majirani baadaye. Kule mtoto hanyolewi mpaka wazazi wamchagulie mama au baba wa ubatizo wa nywele, na huyo wa kike ndiye wanayemwita madrina. Siku ikifika watu hualikwa. Nywele hugawanywa vifungu vidogo na kufungwa utepe, madrina anakata kifungu cha kwanza, kisha sahani inazunguka na kila mgeni anakata chake na kutoa ahadi: huyu kondoo, yule kitambaa, mwingine shamba la kupanda mistari miwili ya viazi. Hapo ndipo mtoto anahesabiwa kuwa mtu miongoni mwa watu, mwenye vitu vyake na watu wake. Sherehe hiyo wanaiita rutucha. Basilia alikuwa anaiandaa kwa mwaka mzima. Nguruwe wawili aliokuwa akiwanenepesha uani, ambao nililalamika kwa sababu ya inzi, walikuwa wa siku hiyo.

Kwenye ripoti ya mwezi ule niliandika: mtoto mmoja ametibiwa chawa. Nilipata barua ya pongezi.

Mngedhani hilo ndilo kosa langu. Ningekuwa nimekosea hapo tu, leo ningekuwa nimelala usingizi wangu wa mchana kwa amani. Basilia alikuwa mwerevu na mwenye moyo mpana. Alingoja nywele za Yola ziote tena kidogo, akasema tutafanya rutucha kwa hizo hizo fupi, nami nitakata kifungu cha kwanza mbele ya watu, na lile la nyuma litakuwa limefunikwa. Alitaja siku, nami nikakubali.

Mkuu wa kituo chetu alikuwa mchungaji kutoka Brazili, mtu mwema na mkali. Alisema kwenye sherehe hizo watu humwaga pombe chini kuipa ardhi sadaka, na mmishenari akionekana pale atakuwa amebariki pombe na sadaka hiyo pia. Hakunikataza. Aliniambia niombe, kisha nifanye nitakavyoongozwa. Niliomba huku nikitembea, maana siwezi kuomba nikiwa nimekaa, na ukweli ni kwamba sikuwa natafuta jibu, nilikuwa natafuta pa kujificha. Siku yenyewe niliondoka asubuhi kwenda kijiji kingine kuchanja watoto ambao wangeweza kuchanjwa wiki iliyofuata.

Niliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Uani hapakuwa na mtu, ila harufu ya nyama na mbwa waliolala wameshiba. Basilia aliniletea sahani imefunikwa, chakula kikiwa bado moto, akaiweka mezani kwangu. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo.

"Nilikuwekea kiti katikati. Tulingoja. Hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyekata."

Sahani ilikuwa imejaa hadi ukingoni, ya mgeni wa heshima. Sikuweza kula hata tonge.

Yola alikua bila rutucha. Watoto wenzake walimwambia amenyolewa mithili ya kondoo, na ilipofika siku za kugawana mifugo yeye hakuwa na mwanakondoo wa kwake. Nilijaribu kulipa kwa njia nyingine zote. Nilimfundisha kusoma, nilikaa naye alipougua surua, nilimshonea sare, nilimsindikiza hadi chuo cha ualimu. Basilia aliniita komadre, ndivyo wanavyoitana mama na madrina, na kwa miaka iliyobaki alinisahihisha kila siku bila kunikumbusha hata mara moja. Alinifundisha kuita kutoka mbali badala ya kufika na kugonga. Alinifundisha kuuliza habari za viazi kabla ya habari za roho. Hata ile njia yangu ya kuhubiri aliibadilisha; nilianza kusimama kidogo na kuketi sana, na watu wakaanza kuja. Lakini kile kiti hatukukizungumza.

Siku nilipostaafu alinisindikiza hadi kwenye basi. Alikuwa amezeeka, kofia imekuwa kubwa kuliko uso. Akaniambia Yola ana mimba, ile iliyomleta Wara. "Mtoto akifika wakati wake, utakuja," alisema, nami nikasema nitakuja. Nilielewa ananirudishia nafasi niliyoitupa. Mwaka jana alifariki. Sasa Yola hana mama, Wara hana bibi, na mwenye kushika mkasi wa kwanza nilikuwa Muaither, ghorofa ya tatu, nikipekua sufuria za watu.

Nyinyi wa hapa, wacha niwaambie jambo. Nawasikia mkinung'unika kwamba katika nchi hii hamwezi kusimama barabarani na kuhubiri. Mimi naiona ni shule ambayo ningeililia ujanani. Mnalinda milango, mnaendesha magari, mnalea watoto wa watu wa imani nyingine, na inawabidi mtazame, mkae kimya, mjue saa ya swala na jinsi ya kupita mbele ya mtu anayefunga. Mmejifunza kuuliza ruhusa kabla ya kugusa chochote. Mimi nilihubiriwa kila kitu chuoni isipokuwa hicho.

Na bado, miaka yote hiyo, sikuwa nimekijifunza. Wiki mbili zilizopita nilimpigia Achieng simu akiwa amemaliza zamu hotelini kule Lusail. Nikamwomba anipeleke ubalozini, nikaseme nimepoteza pasipoti, wanipe karatasi ya kusafiria.

"Shosho, hiyo si ni kudanganya serikali?" akasema. "Na ni wewe ulitufunza Amri Kumi juzi tu."

Nikamwambia kuna mtoto anangoja kukatwa nywele. Akaniuliza kwa adabu zote kama kule hakuna kinyozi. Nilitaka kukasirika, nikajikuta sina haki. Ni nani niliyewahi kumsimulia? Kanisa lilisoma habari ya chawa. Dada yangu alikufa hajui. Mkamburi alichojua ni kwamba mama yake mdogo mkaidi anataka kwenda kufia mlimani kwa sababu ya sherehe ya unyozi.

Siku ile ile Mkamburi alirudi kutoka kazini alasiri akanikuta nimekaa sakafuni, makabati yote yako wazi, na vyombo vyote viko chini. Alivua viatu, akaanza kurudisha sahani moja moja. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, kuanzia vifundo vya nywele mpaka kile kiti, nikiwa sakafuni pale pale, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kuniinua. Nililia, na sikujificha. Alisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa sufuria.

"Kwa hiyo ulimnyoa mtoto wa watu bila kumuuliza mama yake," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ulijua kinachomfaa."

"Ndiyo, Mkamburi."

Aliuweka chini ule mfuniko, akaenda kwenye mkoba wake wa kazini, akatoa pasipoti yangu. Kumbe ilikuwa inakwenda hospitali na kurudi kila siku huku mimi napekua unga. Akaiweka mkononi mwangu.

"Ukipanda kule utakufa, Mama. Sisemi labda. Moyo kama wako nauona kila siku."

"Na nisipokwenda?"

Macho yake yalijaa machozi. "Hilo sikulisomea," akasema.

Wanangu, nilikuwa nimeitafuta pasipoti ile wiki saba, na ilipokuwa mkononi mwangu sikujua niifanyie nini. Nilikuwa nimepanga kuichukua na kutoroka, yaani kumfanyia Mkamburi kile kile nilichomfanyia Basilia: niamue peke yangu, kisha yeye akusanye majivu. Tulikaa pale chini kati ya sufuria. Kisha Mkamburi akaniuliza kama nimewahi kumuuliza Yola iwapo ni lazima ifanyike kule juu. Nikamwambia hayo ni mambo ya mila, hayaulizwi. Akanitazama mpaka nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Tulimpigia simu. Kwao kulikuwa asubuhi, na nilimsikia Wara akigombana na kuku. Nikamweleza Yola habari za moyo wangu, ambazo nilikuwa nimemficha, kisha nikamuuliza kama kuna namna nyingine, na yeye mwenyewe angependa iweje.

"Madrina, nimengoja uniulize tangu mama alipofariki," akasema. "Mama alinikataza kukuambia upande au ushuke. Alisema, komadre wangu ana moyo mzuri lakini hajui kuuliza. Mngoje mpaka ajue."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, maana nilimsikia Basilia mwenyewe katika maneno yale. Yola akasema wao watashuka. Atapanda basi na mtoto hadi Santa Cruz, kule nchi ya chini, ambako kuna joto la Voi na hewa ya kumtosha kila mtu. Wana shangazi huko mwenye ua mkubwa. Kile kitambaa cha majivu anacho, mama yake alikihifadhi miaka yote, na atakuja nacho. Kisha akaniambia kwamba juu ya basi atafunga na kiti, kile kile, kwa sababu hawajawahi kukitumia kwa kazi nyingine.

Tunasafiri wiki ijayo. Mkamburi ameomba likizo, naye atakuja na mashine yake ya kupimia presha, na pasipoti zetu mbili zimekaa mezani ambapo kila mtu anaziona. Nimenunua mkasi mpya. Jana nilimuuliza Mkamburi kama naweza kuujaribu kwenye nywele zake, akakataa, nami nikaurudisha kwenye karatasi yake. Tangu asubuhi nimeufungua na kuufunga mara nyingi kuliko inavyofaa.

Achieng atasema hapa sikuwaeleza habari za wito, na ni kweli. Ninachoweza kuwaeleza ni nitakavyofanya nikifika. Sitaanza na mkasi. Nitapiga magoti, yakikubali, niwe sawa na uso wa Wara, nimuulize yeye mwenyewe kama naweza kumkata nywele. Mama yake alilia katikati ya magoti yangu na sikumuuliza kitu. Wara akisema ndiyo, nitakata kifungu cha kwanza. Akisema hapana, kiti kipo. Nitakikalia, nimngoje.